Leseni ya Zulekha

"Samahani dada, hapa inaonesha umeshafariki."

Kijana wa dirisha la leseni za ualimu, Haitham, hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwambia mwenziwe kuwa kakalia kiti kibichi. Kisha kicheko kikamshinda, akawaita wenzake wawili wa meza ya pili waje wajionee. Wakaja, wakainama juu ya kompyuta, wakamtazama Duni, wakaitazama tena kompyuta. Mmoja akasema, "Pole kwa msiba, dada," na ofisi nzima ikacheka, pamoja na mzee mmoja wa kwenye foleni ambaye hakusikia hata kilichosemwa.

Duni naye alicheka. Mtu aliyeshikwa hucheka kabla hajaanza kutetemeka. Mbele yake kulikuwa na bahasha ya plastiki yenye kila kitu alichokisumbukia duniani: cheti cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, shahada ya sayansi na ualimu aliyoifuata Unguja, barua ya chuo kwamba mazoezi ya kufundisha ameyamaliza kwa alama nzuri, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na cheti cha kuzaliwa. Karatasi zote sita zilisema jambo moja: Zulekha Hamad Bakar, mwanamke, amezaliwa mwezi wa tatu mwaka 1997.

"Amefariki lini?" aliuliza, halafu akajisahihisha haraka. "Nimefariki lini?"

"Tarehe kumi na nne Januari, tisini na tisa, huko huko kwenu Kengeja. Unajua, zamani kila ofisi ilikuwa na kitabu chake na hakuna aliyejua cha mwenziwe. Sasa mifumo inasomana. Vile vitabu vya masheha wa zamani vimeingizwa vyote humu." Haitham alikuwa ameacha kucheka, alikuwa kijana mwenye huruma, ila huruma yake ilichelewa kuamka. "Makosa haya yanatokea. Nenda kwa sheha wako ukalitengeneze. Lakini fanya hima. Orodha ya ajira inafungwa mwisho wa mwezi, na jina lisilo nambari ya leseni haliendi."

"Na ile nafasi yangu ya skuli ya nyumbani? Mwalimu mkuu ameshaniombea."

"Atapewa mwengine mwenye leseni, dada. Nafasi haikai tupu."

Mwisho wa mwezi ulikuwa siku kumi na mbili. Duni akakusanya karatasi zake moja moja, akashukuru, akatoka nje kwenye jua la Chake Chake. Hakumwambia yule kijana kwamba hapakuwa na kosa lolote la kutengeneza. Kitabu kilisema kweli. Zulekha Hamad Bakar alikufa, akakoshwa, akasaliwa, na kaburi lake lipo nyuma ya msikiti, dogo kama la paka.

* * *

Nyumbani hakuna aliyewahi kumwita Zulekha. Nyumbani alikuwa Duni, na jina hilo hakupewa kwa chuki. Bi Mwanawema, mama yake, alikwishazika watoto watatu kabla yake. Wawili wa mwanzo hawakufika arubaini. Wa tatu, Zulekha, alifika karibu miaka miwili, akawa ameshajua kuimba na kujificha nyuma ya mlango, kisha degedege likamchukua kwa mchana mmoja. Kwa hiyo alipozaliwa wa nne, wazee walimfanyia kama wanavyofanyiwa watoto wa namna hiyo. Alipelekwa jaani akiwa na siku tatu, akalazwa juu ya kanga kuukuu katikati ya maganda ya muhogo, na jirani yao Bi Mwanabaraka akapita pale kama mtu asiyejua kitu. "Nimeokota kitoto," akapaza sauti. "Kiduni, hakina mwenyewe. Nani atanilelea?" Bi Mwanawema akajibu kutoka ukumbini, "Kilete, ntakulelea." Basi akawa si mtoto wa mtu, akawa takataka tu, ili mauti yakipita yasione cha kuchukua.

Hayo yalifanywa na wengi. Bi Mwanawema aliongeza sharti lake mwenyewe: mtoto huyu asiandikwe. Wale watatu waliandikwa, na mauti yakawaita wote kwa majina yao. Huyu asiwe katika kitabu chochote. Cheti cha kuzaliwa hakikuchukuliwa. Alipofika miaka sita na skuli ikataka cheti, Mzee Hamad, mumewe, ambaye si mtu wa maneno mengi, alifungua sanduku akatoa kilichokuwepo. Kilikuwepo cha Zulekha. Mwalimu akaandika. Sheha wa wakati ule alijua, akakohoa, akatazama pembeni, na mambo yakaenda.

Yakaenda miaka kumi na tisa.

"Sasa yamefika," alisema Mzee Hamad jioni ile, baada ya Duni kumaliza kueleza. Alikuwa kakaa kwenye ngazi ya ukumbi, anajichuna udongo wa shamba vidoleni. "Yangefika tu. Ni mie niliyekosa."

"Hujakosa," alisema Bi Mwanawema. "Ntoto kasoma. Yu hai, kasoma. Umekosa nini?"

"Nimempa jina la ntu."

Bi Mwanawema akainuka. Aliingia ndani kutazama chungu ambacho hakikuwa na haja ya kutazamwa.

* * *

Sheha wa sasa, Bwana Talib, alikuwa mtu wa kompyuta na kalamu mbili mfukoni. Aliwapokea Duni na baba yake barazani kwake asubuhi, akawaacha wakae muda mrefu huku akizungumza kwenye simu habari za dumu la mafuta, halafu akasikiliza. Alipokwisha kusikiliza alivua miwani.

"Mzee Hamad, heshima yako naijua. Lakini hili ni kosa la jinai. Ntu kutumia cheti cha ntu mwengine, na huyo mwengine maiti."

"Huyu alikuwa na miaka sita, Sheha," alisema Mzee Hamad. "Nitieni mie jela."

"Mie sitii ntu jela. Nakuelezeni njia." Akanyoosha kidole cha kwanza. "Njia ya kwanza ni kusema kweli. Huyu ni Duni, aandikwe upya. Lakini Duni hana kidato cha nne. Hana cha sita. Hana shahada. Vyeti vyote ni vya Zulekha, na Zulekha kafa. Vitarudishwa vilikotoka, na kila mmoja huko atauliza maswali yake. Miaka mitatu, minne, na hujui vitarudi vipi."

Duni alikuwa anautazama mkeka. Miaka minne ya chuo ilimpitia kichwani, na chumba cha Mwanakwerekwe walicholala wanne, na usiku wa mitihani, na wiki nane za mazoezi ya kufundisha Gombani ambako msimamizi alikaa nyuma ya darasa na daftari lake akiandika kila kosa lake. Vyote hivyo alivifanya yeye, kwa miguu yake na macho yake. Na kumbe hana hata kimoja.

"Njia ya pili," alisema sheha, sauti ikashuka, "ni kwamba kitabu ndicho kilichokosea. Sheha wa wakati ule alikuwa mzee, macho hayaoni. Kaandika aliyekufa ni Zulekha, na Zulekha ni huyu hapa, nnamuona. Nikiandika barua hiyo, mie sina dhambi, mie sikuwepo. Lakini aliyepeleka habari ya kifo ndiye aende kukana. Nimekitazama kitabu. Wewe, Mzee Hamad, ulikuwa dago, kambini na wavuvi, siku ile. Dole gumba ni la mkeo."

Njiani kurudi, baba na binti walifika kwenye kisima. Hapo Mzee Hamad akasimama.

"Hatakubali," alisema.

"Mwambie wewe, baba."

"Miaka ishirini na sita hajanisamehe kwa kuwa dago. Mie ndiye niende nimwambie akane kuwa ntoto alikufa?"

* * *

Duni alimwambia mwenyewe, kesho yake mchana, wamekaa jikoni wanamenya muhogo. Alimwambia kwa maneno aliyoyapanga, moja baada ya jingine, kama alivyofundishwa kupanga somo: kwanza lile analolijua mwanafunzi, kisha lile asilolijua. Mama yake alisikiliza na kisu hakikusimama.

"Kwa hivyo n'ende nikaseme hakufa," alisema Bi Mwanawema alipokwisha.

"Ni karatasi tu, mama."

"Kama ni karatasi tu, weye walilia nini?"

"Silii."

"Walia."

Duni akajifuta kwa mkono wa gauni. Ni kweli alikuwa analia, na alipojua kuwa anaonekana aliona hakuna tena haja ya kupanga somo. "Unajua mie nimeishi vipi na hilo jina? Tangu darasa la kwanza, mwalimu akiita 'Zulekha Hamad' sijibu mara moja. Nangoja. Walimu wakidhani sisikii vizuri, wakaniweka mbele. Mie nilikuwa nampa nafasi mwenyewe ajibu kwanza. Mpaka chuoni, mama! Ntu mzima, nangoja. Nikishika nambari moja, nasema huyo ni yeye. Nikifeli, basi ni mie. Nimemsomea maiti miaka kumi na tisa, sasa nikimaliza yeye ndiye ananiambia rudi nyumbani."

"Usimseme vibaya. Hakukutuma."

"Najua hakunituma."

Kisu kikasimama. Bi Mwanawema aliutazama muhogo ulio mkononi kama hajui umefikaje pale. "Siku ya mahafali yenu," alisema, "walipoita jina lake kwenye kile kipaza sauti, mie niligeuka nyuma. Watu wote wanatazama mbele kwako, wapiga vigelegele, mie natazama nyuma kule mlangoni. Niliona ataingia. Sikwambii uongo. Nikahisabu, nikasema angekuwa mkubwa hivi, na baibui lake, na hicho kikofia chenu. Baba yako akanambia tazama mbele, nke wee. Ndo nikakuona weye." Akaendelea kumenya. "Hana picha. Hana nguo, tuligawa. Hana aliyemjua ila mie na baba'ko na Mwanabaraka. Kitu chake duniani ni ule mstari mmoja kwenye kitabu cha sheha, kwamba alikuwepo akafa. Nao niende nikaufute kwa dole langu?"

Duni alikusanya maganda. Angekuwa mtu mwengine angesema basi, mama, tuache. Alitaka kusema. Lakini alikuwa na miaka ishirini na mitano, na darasa la hisabati la kidato cha pili lilikuwa linakaa bila mwalimu tangu mwezi wa kwanza, maili moja kutoka pale walipo, na kila mchana watoto hao walipita mbele ya nyumba wanamuuliza, "Mwalimu, unaanza lini?" Kwa hiyo hakusema basi. Alichukua muhogo mwengine akaumenya, na mama yake alielewa.

Siku nne zilipita hivyo. Mwalimu mkuu alileta salamu kwamba amepigiwa simu, kuna kijana wa Wete mwenye leseni yake mkononi anaitaka ile nafasi, na yeye anaweza kumzuia mpaka Jumatatu, si zaidi. Duni alizipokea salamu akiwa anafua. Alishukuru, akaendelea kufua shuka ambayo tayari ilikuwa safi, na Bi Mwanabaraka aliyekuwa anapita uani akamwona, akaenda moja kwa moja kwa mama yake.

"Mwanawema, nikwambie kitu, na ukitaka unifukuze. Mie ndiye niliyemuokota huyu jaani."

"Najua."

"Basi sikumuokota aje afue shuka."

Alhamisi baada ya Alasiri Bi Mwanawema alijitanda baibui lake, akaenda nyuma ya msikiti. Duni alimfuata kwa mbali bila ya kuitwa. Alimwona mama yake amechutama kwenye kile kikaburi, anang'oa majani ambayo aliyang'oa wiki iliyopita, midomo inakwenda. Haikuwa dua peke yake. Alikuwa anaeleza. Alieleza kwa urefu, kwa mikono, kama mtu anayemfafanulia mtoto kwa nini kanga yake mpya amepewa mdogo wake aivae sikukuu. Mara mbili alinyamaza kusikiliza. Duni akarudi nyumbani mbio mbio kama mtoto.

Magharibi ilipokwisha Bi Mwanawema alisema, hakumtazama mtu, "Ntakwenda Jumatatu. Keshasamehe mengi yule. Atasamehe na hili."

* * *

Afisa wa usajili alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Masika, mwenye sauti ya taratibu na kikombe cha chai kilichopoa. Aliwakalisha vizuri, wazazi wawili kwenye viti na Duni kwenye benchi la pembeni. Akaisoma barua ya sheha mara mbili, akauliza hali ya barabara ya Kengeja, na wote wakaona mambo yatakuwa mepesi.

"Bi Mwanawema, wewe ndiye uliyepeleka habari ya kifo, tarehe kumi na nne Januari mwaka tisini na tisa?"

"Ni mie."

"Na unasema jina lililoandikwa silo. Zulekha hakufariki."

Bi Mwanawema aliyashika magoti yake. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno hili tangu Alhamisi. "Hakufa," alisema. Ilikuwa sauti ndogo, lakini ilitoka. Mzee Hamad akatazama dirisha, na Duni akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Vyema." Bi Masika akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Haya. Sasa nipe jina la aliyekufa."

Mzee Hamad akageuka kutoka dirishani.

"Marehemu, mama. Kibali cha maziko kimetolewa. Mtoto wa kike, wa nyumba yenu, miaka miwili kasoro. Kuna kaburi." Akaigeuza kompyuta kidogo ili waone, ingawa wazazi wale hawakujua watazame wapi. "Mimi siwezi kufuta. Hii hainipi nafasi ya kufuta, inanipa ya kubadilisha tu. Nikitoa Zulekha lazima nitie mwengine. Nitie nani?"

Mzee Hamad akawahesabu wanawe kwa vidole. Wale wawili wa mwanzo walikuwa na majina yao na mistari yao. Kulitunga jina papo hapo, kumbandika mwanawe marehemu jina la uongo mbele ya serikali, hakuweza; alikwishalimaliza fungu lake la kudanganya siku ile alipofungua sanduku. Bi Mwanawema alikuwa anatazama mezani. Nje mlangoni foleni ilikuwa inasogea, mtu anachungulia.

"Dada na wazee wangu, watu wananisubiri," alisema Bi Masika. "Nyumba yenu ilikuwa na mtoto gani mwengine wa kike, ambaye hakuandikwa?"

"Duni," alisema Duni.

Alilisema haraka, kwa sauti ya kidarasa, kama mwanafunzi anayejua jawabu kabla ya wenziwe. Alikuwa mtu wa sayansi. Alikuwa amefaulu biolojia na hisabati, na alijua degedege ni nini na linatoka wapi. Habari za jaani alikuwa akiwahadithia wenziwe chuoni, wakicheka. Na jina lile halikuwepo kwenye karatasi yoyote duniani, kwa hiyo halikuwa na kazi nyengine. Hayo yote aliyawaza kwa muda wa kufumba na kufumbua, na yote yalikuwa sahihi.

Bi Mwanawema akamgeukia pole pole.

"Umesema nini?"

"Mama, ni jina tu. Hawana jina jengine la kuandika."

"Umelisema mwenyewe? Kwa ulimi wako?"

"Duni Hamad Bakar," alisoma Bi Masika, vidole vikienda. Hakusikia chochote cha ajabu; kwa siku moja husikia majina mangapi. "Mwanamke. Amefariki, Kengeja. Ndivyo?"

Mzee Hamad akasema, "Mwanangu, ngoja kidogo," lakini hakujua angoje nini. Kidau cha wino kilikuwa kishasogezwa mezani. Bi Mwanawema alikitazama. Kwa miaka ishirini na mitano alilificha jina lile, hakulitaja hospitali, hakuliandikisha popote, hata chanjo alimpeleka mbali na nyumbani. Alidhani amekuja hapa kumtoa mmoja wa wanawe, na alikwishamwomba radhi huyo mmoja. Huyu wa pili hakuwa amemwomba.

Alimtazama Duni usoni, muda mrefu, kwa jicho la mtu anayetaka kukariri. Akaona jinsi anavyotaka. Binti alikuwa amekalia ncha ya benchi, mikono imeibana ile bahasha, na uso wake wote ulikuwa unasema tafadhali.

Bi Mwanawema akachovya dole gumba, akaliweka palipoelekezwa. Wino ulipomgusa alisema, "Inna lillahi," kwa sauti ya chini. Bi Masika, kwa mazoea, akaitikia.

* * *

Leseni ilitoka siku mbili kabla ya orodha kufungwa. Haitham alimkabidhi mwenyewe, akainuka kitini, akasema, "Hongera, Mwalimu Zulekha. Umefufuka." Kijana wa Wete akapangiwa kwengine. Darasa la hisabati la kidato cha pili likapata mwalimu, tena mwalimu mzuri, hilo lisemwe. Alieleza mambo polepole, hakupiga, na wiki ya tatu watoto waliokuwa wakikimbia vipindi walikuwa wanakuja mapema wagombanie viti vya mbele. Asubuhi ya kwanza alipotia saini kwenye kitabu cha walimu aliandika Zulekha H. Bakar bila ya kungoja mtu. Alishangaa wepesi wake. Alisimama na kalamu hewani, akisubiri ile hali ya zamani ya kumpisha mwengine, nayo haikuja.

Kilichokuja kilikuwa chengine. Alianza kujichunga. Mafua ya siku mbili yalimfanya apime homa mara tano. Alivuka barabara kwa kutazama pande zote, akarudia kutazama. Mwanafunzi mmoja, katika somo la takwimu, alimuuliza kama mtu akiandikwa kimakosa kwenye hesabu ya watu hesabu nzima inaharibika, na mwalimu akajibu vizuri tu, kisha akaomba radhi akatoka nje akashika ukuta. Alijua ni upuuzi. Alijiambia hivyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Na nyumbani mama yake aliacha kumwita. Haikudhihirika mara moja. Bi Mwanawema hakununa, hakugomba. Alimwekea chai, alimpigia pasi baibui la kazini, alimngojea kibarazani akichelewa. Ila jina lile la Duni, ambalo tangu asubuhi hadi jioni lilikuwa likipita katika nyumba ile kama kuku, halikusikika tena. Zulekha pia halikusikika. Akitaka chumvi aletewe, akitaka mlango ufungwe, alisema, "Mwalimu."

"Mwalimu, chakula tayari."

"Mwalimu, kuna mvua, chukua mwavuli."

Mtaa mzima uliona raha. Wanawake kisimani walicheka, wakasema Mwanawema kapagawa na shahada ya mwanawe, hata jina hamwiti, amwita kwa cheo! Wengine wakaanza kumuigiza. Watoto wakashika. Baada ya mwezi hakuna mtu Kengeja aliyemwita vyengine, na Mzee Hamad, ambaye alijua, akiwasikia alikuwa anainuka anakwenda shamba.

Ijumaa moja, skuli imefungwa mapema, mama na binti walikuwa ukumbini wanachagua mchele. Mchele ulikuwa mwingi. Binti akaweka ungo chini.

"Mama."

"Naam, Mwalimu."

"Usiniite hivyo. Leo tu. Niite kwa jina langu."

Bi Mwanawema aliendelea kutoa vijiwe, kimoja, cha pili, akavitupa uani. Alipoinua uso haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayeuliza kwa sababu hajui, na ambaye mbele yake kakaa msomi.

"Lipi? Moja nimelikana, moja nimelizika. Nifundishe weye, Mwalimu. Nikuite nani, uitike ukiwa hai?"

Yule binti akafungua mdomo ajibu. Mama yake akangoja, ungo mapajani, akangoja kwa subira yote aliyokuwa nayo, mpaka ikaadhiniwa.